Njaa, Hamu na Kukinai: Juu ya Istilahi za Mimea Ipunguzayo Hamu ya Kula

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza kundi dogo la maneno ambalo limekuwa likiwatatiza wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, hususan katika mikoa inayopakana na Ziwa Viktoria. Maneno hayo yahusu bidhaa zitokanazo na mimea ambazo huuzwa kwa ahadi kwamba mtumiaji hataona haja ya kula sana, na kwa hiyo atapungua uzito. Bidhaa hizo hupatikana Mwanza kama zipatikanavyo Dar es Salaam na Nairobi: vidonge, unga, majani ya chai na matone. Aghalabu maelezo yake huwa kwa lugha ya kigeni, na Kiswahili chake hutungwa na muuzaji mwenyewe, ama kwenye karatasi iliyobandikwa chupani ama kwa mdomo tu.

Kwamba muuzaji ndiye mtunzi wa istilahi si jambo la kulaumiwa. Maneno mengi tuyatumiayo leo bila kusita yalizaliwa sokoni na gatini kabla ya kufika katika kamusi. Lakini hapa neno moja hubeba kazi tatu kwa mara moja. Humweleza mnunuzi bidhaa itamfanyia nini. Humweleza mtumishi wa serikali bidhaa iko chini ya sheria ipi. Tena humweleza mtumiaji ajihadhari na nini. Likikosea katika kazi ya kwanza, mnunuzi hupoteza fedha zake. Likikosea katika ya pili au ya tatu, kinachopotea chaweza kuwa afya yake.

Njaa si hamu

Maneno mawili yasikikayo zaidi ni "kikata njaa" na "kizuia njaa". Kwa upande wa sarufi hayana kasoro, kwani yamefuata mtindo ule ule uliotupa "kifungua kinywa" na "kizuia mimba". Kasoro yake ni ya maana. Msemaji wa Kiswahili anaposema kuwa anatafuta kitu cha kukata njaa, anatafuta chakula: andazi, kipande cha muhogo, au kikombe cha uji. Kikata njaa, kwa desturi ya lugha, ni mlo mdogo. Basi kumwambia mtu kuwa kidonge fulani ni kikata njaa ni kumwambia kuwa kidonge hicho chalisha, na hali hakilishi.

"Kizuia njaa" lina matata zaidi, na matata hayo huonekana wazi katika kanda ya ziwa. Neno njaa, ambalo kwa Kisukuma ni "nzala", lina maana mbili zilizoshikana: hali ya tumbo la mtu mmoja, na baa liipatalo nchi nzima mvua inapokosekana. Usukumani kizuia njaa chajulikana tangu zamani, nacho ni michembe na matobolwa. Viazi vitamu vikikatwa na kuanikwa vibichi huwa michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa huwa matobolwa. Vyote viwili huwekwa akiba kwa ajili ya miezi ya kiangazi. Mwalimu wa Magu au Kwimba atakayewaambia wanafunzi wake kwamba kuna mmea ambao ni kizuia njaa asistaajabu wakimtajia kiazi. Wao watakuwa wamesema Kiswahili sahihi.

Ubishi huu si wa maneno matupu, kwa sababu sayansi nayo hutenganisha mambo haya. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo ghrelini, ambayo hupeleka habari katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Hiyo ndiyo njaa kwa maana ya haja ya mwili. Hamu ya kula ni jambo jingine: ni kutaka, na kutaka kwaweza kuwepo pasipo haja. Mtu aliyemaliza sahani ya ugali na sato, akaletewa embe lililoiva, hana njaa tena, lakini hamu anayo. Kinyume chake, mgonjwa wa malaria huwa mwili wake wahitaji chakula ilhali hamu imemwondoka. Ndiyo maana wauguzi, wanapohoji wagonjwa, huuliza kama mtu amekosa hamu ya kula, wala hawaulizi kama amekosa njaa. Mfasiri na akumbuke jambo hili, kwa kuwa lile ambalo muuzaji wa vidonge hulitaja kuwa sifa ya bidhaa yake ndilo lile ambalo muuguzi hulitaja katika orodha ya dalili za maradhi.

Kiswahili kina utajiri zaidi ya huo. Upande wa pili wa njaa tuna maneno mawili yasiyo sawa: kushiba na kukinai. Aliyeshiba tumbo lake limejaa. Aliyekinai hataki tena, hata kama tumbo lingali na nafasi. Na chakula kimkinaishacho mtu upesi si lazima kiwe kingi. Lugha nyingi zingeona fahari kuwa na tofauti hiyo katika vitenzi viwili vya kila siku. Sisi tunayo, na hatujaitumia.

Baadhi ya wafasiri, wakifuata muundo wa istilahi ya Kiingereza neno kwa neno, wameandika "kikandamiza hamu". Ushauri wangu ni kuliacha. Kukandamiza katika Kiswahili cha leo hutendwa na mwenye nguvu juu ya mnyonge. Watawala hukandamiza raia. Hamu ya kula si raia.

Mimea mitatu, kazi tatu

Jina la jumla latakiwa kukifaa kila kilichomo ndani yake. Kwa hiyo yafaa tuitazame mimea yenyewe, kwani haifanyi kazi kwa namna moja.

Wa kwanza ni konjaki, mmea wa Asia ya Mashariki ambao tunguu lake husagwa na kutoa unga wenye ufumwele uitwao glukomanani. Ufumwele huo hunyonya maji na kuvimba mara nyingi kuliko ukubwa wake wa awali, ukachukua nafasi tumboni. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilikubali kwamba gramu 3 kwa siku, zikigawanywa mara tatu na kunywewa kwa maji kabla ya mlo, husaidia kupunguza uzito kwa mtu mzima aliyezidi uzito ambaye pia anapunguza chakula. Msomaji aone masharti yalivyo mengi katika sentensi hiyo moja. Konjaki haiugusi ubongo. Hufanya kazi ya tumbo tu: hukinaisha.

Wa pili ni hudia, mmea mnene wenye miiba wa jangwa la Kalahari. Wasani, wawindaji wa tangu kale wa nchi hizo, walitafuna shina lake ili wavumilie njaa na kiu katika safari za kuwinda. Baraza la utafiti wa sayansi na viwanda la Afrika Kusini lilijipatia hataza juu ya kemikali za mmea huo katika miaka ya 1990, likatoa leseni kwa makampuni ya nje. Na ni mwaka 2003 tu ndipo Wasani walipotiliana nalo mkataba wa kugawana mapato. Kampuni ya Unilever iliyokuja kuushughulikia iliachana nao mwaka 2008. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wanawake waliopewa dondoo ya hudia kwa siku 15 hawakupunguza chakula kuliko wenzao waliopewa kitu kisicho na hudia, bali walipata kichefuchefu, na shinikizo lao la damu likapanda. Hata hivyo vidonge vyenye jina la hudia viliendelea kuuzwa duniani. Kwa mwanaistilahi kuna jambo la kuzingatia hapa. Msani hakutaka kupungua uzito. Alitaka kufika alikokuwa akienda. Tukitaka kulitaja tendo lake kwa haki, hudia kwake ilikuwa kitu cha kuvumilia njaa. Muuzaji amelichukua tendo hilo, akalitia jina jipya, akalifanya ushahidi wa jambo ambalo Msani hakulidai kamwe.

Wa tatu uko karibu nasi zaidi, nao hauuzwi kwa jina la kupunguza uzito: ni mirungi. Jina lake la kitaalamu, Catha edulis, lilitokana na kazi ya Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyefariki Yemeni mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775. Jani bichi lina kathinoni, ambayo nguvu yake hupungua haraka jani likinyauka, na ndiyo sababu mafungu yake huviringwa kwa majani ya mgomba na kusafirishwa mbiombio. Lina pia kathini, iliyo dhaifu zaidi. Madereva wa safari ndefu na walinzi wa usiku huitafuna ili wasilale, na kila aishiye nao ajua kwamba hawali. Mirungi huchelewesha chakula kutoka tumboni, na kemikali zake hupunguza hamu kwa njia ya ubongo. Kathini yenyewe imepata kuuzwa kama dawa ya kupunguza uzito katika nchi kadhaa, Afrika Kusini ikiwa mojawapo. Kwa hiyo mtu wa Mwanza asidhani kwamba habari hii ya mimea ipunguzayo hamu imetoka ng'ambo. Mmoja katika mimea hiyo, tena ulio na nguvu ya kweli, humea katika milima ya Upare na ya Meru.

Hapo ndipo mfasiri anapohitaji uangalifu mkubwa. Jani ni moja, lakini ng'ambo ya mpaka wa Sirari huitwa miraa, na sheria ya mazao ya Kenya hulitambua kuwa zao la biashara. Upande wetu huitwa mirungi, na sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya hulihesabu kuwa dawa ya kulevya. Anayefasiri ripoti ya kilimo ya Kenya kwa msomaji wa Tarime au Musoma asibadili "miraa" kuwa "mirungi" pasipo kueleza, kwa maana atakuwa amemgeuza mkulima halali kuwa mhalifu kwa kalamu yake. Wala asiache bila kueleza, kwa maana msomaji wa huku aweza kudhani kwamba ni mmea mwingine. (Kuhusu kama mirungi "hulevya" kwa maana ya asili ya kitenzi hicho, mtu aweza kutoa hoja nzuri kwamba haileweshi bali huchangamsha. Lakini "dawa za kulevya" limekwisha kuwa jina la kisheria, nayo majina ya kisheria hayangojei etimolojia.)

Kutokana na hayo napendekeza istilahi mbili badala ya moja. Jina la jumla liwe "kipunguza hamu ya kula". Ni refu, lakini halidai zaidi ya liwezalo kuthibitishwa: kupunguza si kuondoa, na hamu si njaa. Chini yake, kwa vile vijazavyo tumbo kama konjaki, pawe na "kikinaishi", wingi "vikinaishi", kutokana na kitenzi kinaisha. Muundo huo walimu wanaujua: wakilisha limetupa kiwakilishi, unganisha limetupa kiunganishi, bainisha limetupa kibainishi. Mirungi na kathini si vikinaishi. Aliyetafuna mirungi hakukinai, amesahaulishwa tu.

Kukonda na kupungua

Katika matangazo mengi tendo lenyewe huitwa "kukonda". Neno ni la Kiswahili, fupi na lenye nguvu. Mahali pengine huenda lisidhuru. Pwani ya ziwa lina kumbukumbu.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kabla jina hilo la Kiswahili halijaenea, watu wa kando ya ziwa walikwisha kuyapa maradhi majina yao. Upande wa Uganda, katika wilaya ya Rakai, yaliitwa silimu, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba, na mwaka 1985 madaktari waliandika habari za ugonjwa huo kwa jina hilo hilo. Kagera waliuita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikiuzwa na wafanya biashara wa magendo siku zile. Katika miaka iliyofuata, kusema "fulani amekonda" mahali kama Bukoba au Mwanza kulikuwa kutoa habari isiyohitaji maelezo zaidi, nako kusema "umenenepa" kulikuwa, na kwa wazee wengi bado ni, kumtakia mtu heri.

Mfasiri wa maelezo ya bidhaa hizi hawezi kuyafuta hayo kwa kusema kwamba kamusi yaruhusu. Isitoshe, kukonda ni neno la sura: humweleza mtu aonekanavyo. Kinachohitajika katika maandishi ya afya ni neno la kipimo, nalo ni "kupungua uzito", kwa kuwa uzito hupimwa kwa kilo na kila zahanati ina mizani. Kadhalika "unene" ni wa macho, ilhali "uzito uliozidi" una hesabu yake. Chukua uzito wa mtu kwa kilo, ugawanye kwa urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likifika 25 uzito umezidi, na likifika 30 ndiyo hali iitwayo "unene wa kupindukia" au, kwa baadhi ya waandishi, "kiribatumbo". Hili la mwisho ni tungo la kuchekesha na la kukumbukika, la mtu na kiriba chake cha maji. Lakini lataja tumbo tu, na hali yenyewe ni ya mwili mzima, tena lina mzaha ambao haufai kuandikwa katika kadi ya mgonjwa. Mwandishi huyu hulitumia katika mazungumzo, hakulitumia katika tafsiri.

Dawa, chakula, kirutubisho

Limebaki swali la kundi, ambalo ndilo lenye sheria ndani yake. Je, bidhaa hizi ni nini? Wauzaji huziita "dawa za kupunguza unene" leo na "virutubisho" kesho, kutegemea nani anauliza.

Dawa katika Kiswahili ni neno pana mno. Tuna dawa ya malaria, dawa ya mbu, dawa ya meno, dawa ya viatu, na hata dawa ya mapenzi. Mtu asemapo "dawa ya kupunguza unene" hajadai kwamba kitu hicho kimesajiliwa na mtu yeyote. Lakini katika maandishi ya serikali neno hilo si pana hata kidogo. Kwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 mamlaka moja ilisimamia vyote vitatu. Tangu mwaka 2019 kazi hiyo imegawanywa: dawa zimebaki kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, nacho chakula na vipodozi vimehamia Shirika la Viwango Tanzania. Mbali na hao kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Basi chupa ile ile ikiitwa dawa inapaswa kupitia mlango mmoja, ikiitwa chakula mlango wa pili, na ikiitwa dawa ya asili mlango wa tatu. Karani wa forodha katika bandari ya Mwanza anayeandika neno katika fomu yake hafanyi kazi ya ukarani tu, anachagua mlango. Na kwa kuwa marekebisho ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, neno hilo laweza siku moja kusomwa mbele ya hakimu kama lilivyoandikwa.

"Kirutubisho" nalo lina kichekesho chake. Kurutubisha ni kutia rutuba. Shamba hurutubishwa kwa samadi, na mtoto kwa uji wenye dagaa. Kirutubisho cha kupunguza mwili ni samadi ya kukausha mahindi. "Nyongeza ya lishe" haiepuki tatizo hilo, kwa sababu nyingi za bidhaa hizi haziongezi lishe yoyote. Kwa zile ziongezazo kweli, kama vidonge vya vitamini au madini, napendekeza "kijalizo cha lishe", kutokana na jaliza; walimu wa sarufi wamekwisha kulizoea neno kijalizo katika uchambuzi wa sentensi, na maana ni ile ile ya kukamilisha kilichopungua. Kipunguza hamu kisiitwe kijalizo. Kitajwe kwa kazi yake, na kando yake iandikwe mamlaka iliyokisajili, kama ipo.

Neno la hatari kuliko yote ni "asili". Chupa iandikwapo "ya asili" au "ya mimea tupu" mnunuzi husoma "haina madhara", ingawa mwandishi hakuandika hivyo. Sibutramini, dawa ya viwandani iliyopunguza hamu ya kula kwa kugusa ubongo, iliondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Tangu hapo wakaguzi wa nchi nyingi wameikuta tena na tena ndani ya vidonge vilivyoandikwa kuwa ni mimea mitupu. Aliyefasiri maandishi hayo hakusema uongo; alifasiri uongo. Lakini aweza kujikinga, naye akamkinga msomaji, kwa kuandika "kwa maelezo ya mtengenezaji, bidhaa hii imetokana na mimea", badala ya kuitangaza asili kwa kinywa chake mwenyewe.

Ama kuhusu maagizo ya matumizi, mfano mmoja watosha kwa sasa, kwa kuwa una hatari ya papo hapo. Unga wa konjaki ukimezwa mkavu waweza kuvimba kooni na kumkaba mtu, na Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku peremende za jeli zenye konjaki kwa sababu ya ajali za namna hiyo. Maneno "meza pamoja na maji", ambayo wafasiri wengi huyatumia kwa kila kidonge, hayatoshi hapa. Kiswahili huyasoma kama adabu ya kumeza dawa, wala si kama onyo. Yaandikwe hivi: "Gramu moja kutwa mara tatu, kabla ya kula, kwa bilauri moja au mbili zilizojaa maji. Usimeze pasipo maji. Asitumie mtu mwenye shida ya kumeza."